Kibali cha Bonde la Birika

Ndugu yangu Orrin alifika kwangu mwezi wa saba na ramani tano, akazitandaza juu ya meza yangu ya jikoni bila hata kuuliza, akausogeza pembeni unga niliokuwa nimeukanda kwa ajili ya mkate. Hebu fikiria! Mtu hujakanyaga hapa miaka sita, unaingia tu na kusogeza unga wa watu. Akavaa miwani, akaweka kidole katikati ya ramani moja, akasema, "Verna, nimepata."

"Umepata nini? Homa?"

"Kibali. Bonde la Birika. Elki dume."

Nikaweka kijiko chini.

Ngoja nieleze, maana asiyeishi huku Wyoming hawezi kujua kwa nini dada mtu mzima atamani kumpiga kaka yake mwiko wa kichwa. Elki ni mnyama wa milimani, dume lake zito kama ng'ombe, na pembe zake hazipiti mlangoni ukizibeba kifua mbele. Sehemu nyingine unanunua kibali dukani, unakwenda. Birika hapana. Vibali vya Birika ni vichache, vinatolewa kwa kura, na ukikosa unasubiri mwakani. Sisi wenyeji kura yetu ni bahati tupu, kila mwaka unaanza upya kana kwamba hujawahi kuomba. Wageni wa majimbo mengine wana pointi: ukikosa unaongezewa moja, mpaka pointi zikitosha unapata. Mimi Birika naiona nikianika nguo. Nimeomba miaka ishirini na tatu, nimekosa yote ishirini na tatu. Orrin anakaa Omaha, nyumba ina zulia hadi chooni, amejikusanyia pointi zake kumi na saba taratibu, na sasa kapata yeye. Haki iko wapi hapo?

Na si hilo tu. Sheria yetu inamkataza mgeni kuwinda kwenye lile pori la ndani lisilo na barabara bila mwongozaji mwenye leseni, au mwenyeji wa jimbo aliyejiandikisha kwa jina lake kwamba atakwenda naye na kurudi naye. Ndiyo maana alikuja. Hakuja kunijulia hali.

"Waongozaji wote wamejaa," akasema. "Nimepiga simu kila mahali."

"Kwa hiyo mimi ndiye makombo."

"Wewe ni dada yangu."

"Tangu lini? Leo asubuhi?"

Niacheni nimseme, ni wangu. Orrin alizaliwa kwenye nyumba hii hii, kifungua mimba, na toka ana miaka kumi na mbili baba alikuwa anampandisha Birika kila kura ikimwangukia. Na mimi nilikwenda. Nilikwenda kupika na kuchunga farasi kambini, kwa sababu baba alisema msichana atatisha wanyama. Alipofika miaka ishirini na minne Orrin akaondoka kwenda Omaha kuuza pampu za maji. Akawa meneja, akafunga tai, akaanza kusema "huko kwenu". Mimi nikabaki. Kila vuli, miaka thelathini sasa, napakia farasi mizigo ya wawindaji, nawapandisha, wanapiga, mimi nachuna na kukatakata mikono imelowa damu hadi kwenye viwiko, nawashusha, wanapiga picha. Sijawahi kufyatua hata risasi moja kule juu.

Baba alipougua alilala miezi tisa. Nilimlisha kwa kijiko, nikamgeuza ubavu kila baada ya saa mbili. Orrin alipiga simu Jumapili. Baba akafa mwezi wa pili, na Orrin akasema theluji imefunga barabara. Watu walitoka Montana kuja kumzika! Yeye alituma shada la maua kubwa kama tairi la lori, likaganda barafu kabla sala haijaisha. Na wosia ulisema bunduki ya baba apewe mwanawe wa kwanza. Niliifunga mwenyewe na kwenda kuituma.

Sasa huyo ndiye aliyekaa jikoni kwangu na kalamu tatu za rangi.

"Tutakaa siku kumi," akasema. "Kambi hapa, ziwani. Maji yako karibu."

"Hapo wanakaa mbu na wajinga. Jua likitoka upepo unapanda kutoka ziwani moja kwa moja hadi kwenye misonobari walikolala wanyama. Ukikoroga kahawa tu, elki wote wa Birika wanajua umeweka sukari ngapi."

"Picha za setilaiti zinaonyesha—"

"Setilaiti imewahi kulala kule?"

Akakohoa, akatoa orodha ya mizigo. Kila kitu amekipima kwa gramu. Alikuwa amekata mpini wa mswaki apunguze uzito, jamani, mswaki!

"Hilo tumbo ulilokuja nalo ni kilo ishirini," nikamwambia. "Si ungeanzia hapo?"

"Huachi tu. Tangu utoto mdomo wako ni kisu."

"Na nyama je? Ukimwangusha kule korongoni saa sita mchana, mwezi wa tisa, jua linawaka, utaitoaje kabla haijaharibika? Ukiacha nyama ioze unashitakiwa."

"Kuna programu kwenye simu inayokokotoa—"

"Simu yako itabeba paja?"

Tukaenda hivyo mpaka mkate ukaiva. Nikammiminia kahawa. Akainua kikombe, na kikombe kikaanza kugongagonga kisahani, kahawa ikamwagika juu ya Birika yote, kwenye ramani. Akaurudisha mkono chini ya meza upesi.

"Kahawa nyingi," akasema. "Nimeendesha gari usiku kucha."

Nina desturi yangu, na kila mtu hapa anaijua: hakuna anayepanda farasi wangu kwenda kuwinda kabla hajapiga risasi tano mbele ya macho yangu. Awe daktari, awe jaji. Mnyama akijeruhiwa akakimbilia msituni kufa siku tatu, hiyo ndiyo aibu ambayo watu wa huku hawaisamehe. Nikamwambia alete bunduki.

Nyuma ya nyumba kuna mteremko. Niliweka debe tupu juu ya gogo, hatua mia na hamsini. Orrin akalala kifudifudi, akaegemeza bunduki ya baba juu ya tandiko, akavuta pumzi kama alivyofundishwa. Risasi ya kwanza ikatimua vumbi kushoto, mbali. Ya pili juu. Ya tatu sijui ilikwenda wapi. Mtutu ulikuwa unacheza, nilikuwa naona kabisa, kama kuna mtu anautikisa. Alipiga zote tano. Debe halikuguswa.

Akabaki amelala hapo hapo, uso kwenye nyasi.

"Ni ugonjwa," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Daktari anasema hautarudi nyuma. Mwakani sidhani kama nitaweza hata kupanda farasi."

"Na ungenificha mpaka lini?"

"Piga wewe."

"Nini?"

Akageuka akakaa. "Piga wewe, Verna. Kibali changu, risasi yako. Kule tutakuwa wawili tu. Nani atajua?"

Nilimtolea macho. Tukikamatwa napoteza leseni ya kubebea mizigo, nachukuliwa farasi, nafutiwa kuwinda mpaka naingia kaburini. Kumpigia mtu kwa kibali chake ni wizi, hakuna jina jingine. Yeye ana pensheni. Mimi nina farasi kumi na moja na mgongo unaouma.

Nikachukua bunduki. Sijui kwa nini niliichukua, au najua. Nilikuwa sijaishika tangu siku niliyoifunga. Nikalala pale pale alipolala, nikatulia, nikavuta kifyatulio, debe likaruka juu na kuanguka likibingirika mteremkoni. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikajiogopa.

"Unaona?" akasema Orrin taratibu.

Nikasema, "Sawa."

Ndiyo, nilisema sawa. Sitajifanya malaika. Mchana ule wote tulipanga safari, na niseme ukweli, sijawahi kuwa na mchana mzuri na kaka yangu kama ule. Nilimpa siri zangu zote: njia ya mgongoni mwa mlima isiyo kwenye ramani yoyote, chemchemi ambako madume hugaagaa matopeni, kambi ya mteremko wa kaskazini ambako nyama hukaa baridi siku nne. Akaandika yote, mwandiko umepinda kama wa mlevi, nikamtania, akacheka. Nikampa supu. Nikajiona niko kule, bunduki begani, alfajiri, dume linalia bondeni, na safari hii sichungi farasi wa mtu.

Basi akatoa simu. "Ngoja nikuonyeshe pembe zitakapokaa."

Ilikuwa picha ya ukuta sebuleni kwake, kule Omaha, mweupe, umeachwa wazi. Katikati kuna kibao cha shaba, kimeshapigiliwa. Kimeandikwa jina lake, Bonde la Birika, na chini yake: Kwa kumbukumbu ya baba, nilikuwa naye daima.

Nikasoma mara mbili.

"Ulikuwa naye daima," nikasema.

"Ni maneno tu, Verna. Watu huandika."

"Na mimi niko wapi hapo?"

"Nitakuandikaje wewe? Kibali ni changu. Nikiandika jina lako si tutafungwa sote?"

Na hapo alisema kweli, ndicho kilichoniua kabisa. Nikaosha vyombo. Nikamtandikia kitanda cha wageni.

Asubuhi tukaenda mjini Tolliver, kwenye ofisi ya wanyamapori, maana mwenyeji lazima ajiandikishe mwenyewe. Nje ya dirisha la ofisi kulikuwa na watu watano nyuma yetu, wanataka vibali vya samaki. Dirishani alikuwa Opal, tunafahamiana toka shule.

"Verna! Mwaka huu umepata?"

"Nimekosa. Kapata huyu."

"Hongera kaka," Opal akamwambia Orrin, akanisukumia fomu na kalamu. "Jaza jina la mgeni hapa, sehemu mnayokwenda, halafu uweke sahihi."

Nikashika kalamu. Orrin alikuwa amesimama begani kwangu, ananukia sabuni, anatabasamu kama mtu aliyekwishafika. Nikaiweka kalamu chini.

"Opal, huyu hawezi kupiga. Mikono yake inatetemeka, nilimpima jana, hakugusa debe. Ameniomba nimpigie mimi. Na mimi nilikubali."

Wale wa samaki wote wakageuza shingo.

"Verna, funga mdomo," Orrin akasema kwa sauti ndogo.

Msinisifu. Sikusema kwa sababu ya sheria. Sheria nilikuwa nimekwisha kuivunja moyoni mwangu, na ningeivunja kwa furaha. Nilisema kwa sababu ya kile kibao.

Opal akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Hayo maneno ya mwisho sikuyasikia," akasema. Akafungua droo, akatoa karatasi nyingine. "Mtu akiugua anaweza kurudisha kibali kabla msimu haujafunguliwa. Barua ya daktari itafuata. Pointi zake zote anarudishiwa."

"Nitazifanyia nini?" Orrin akasema. Hakuwa anamwambia Opal. "Eh? Pointi kumi na saba, nizifanyie nini? Wivu tu, Verna. Umenionea wivu tangu tuko watoto."

"Ndiyo," nikasema.

"Miaka yote nasubiri, na wewe—"

"Ndiyo, nimekuonea wivu. Bado nakuonea. Jaza karatasi."

Nilidhani atatoka. Gari lake lilikuwa pale mlangoni, na Omaha ni barabara moja tu iliyonyooka. Hakutoka. Akachukua kalamu, akainama. Fomu za serikali zina visanduku vidogo, herufi moja moja. Kalamu ikaruka kisanduku cha kwanza, ikakwaruza katikati ya karatasi, ikaichana. Opal akampa nyingine. Ile nayo ikaharibika. Nyuma yetu mtu mmoja akakohoa, nikageuka nikamtazama mpaka akaangalia viatu vyake.

Orrin akanisukumia karatasi ya tatu pamoja na kalamu, bila kuniangalia usoni.

Nikajaza. Jina lake, na la katikati ambalo ni la baba. Tarehe ya kuzaliwa sikumuuliza. Nilipofika penye sababu nikasita.

"Niandike nini?"

"Andika unachotaka. Si umeshatangaza?"

Nikaandika: mikono.

Sahihi ilibidi iwe yake mwenyewe. Nikaikandamiza karatasi kwa viganja vyote viwili isimponyoke, naye akaandika jina lake polepole, likipanda juu ya mstari na kushuka, na Opal akaangalia pembeni mpaka tulipomaliza.