Pikapu Iliyopuliza Kioo Ikatuacha na Baridi

Enzi zetu hakuna aliyeuliza kama gari lina hita. Swali lilikuwa, linampuliza nani. Pikapu ya Baba, kuukuu tangu aliponunua, ilitubeba wanne kwenye kiti kimoja kirefu kutoka Keringet hadi Nakuru: Baba kwa usukani, mimi katikati nikiipisha gia, kaka yangu Ezra, kisha Mama mlangoni. Tulinuka viazi, maziwa na petroli, na tulipoteremka tulikuwa tumekunjana kama nguo za mtumba.

Kwenye tambarare hewa moto ilitufikia vizuri, usoni na magotini. Lakini gari likianza kupanda kutoka Njoro kwenda Elburgon, hewa yote ilituacha ikaenda kupuliza kioo cha mbele. Kioo kilistarehe, sisi tukatetemeka. Tukimaliza mlima, ilirudi yenyewe. Baba alisema gari linaogopa mlima. Fundi mmoja alisema ni swichi. Mwingine aling'oa dashibodi nzima, akatoa punje nne za mahindi, na Ezra akachapwa papo hapo. Hewa haikubadilika. Ezra sasa ana mvi na bado anangoja kuombwa msamaha.

Watoto wa leo wangeuliza simu. Sisi tulimuuliza Baba, na Baba akishasema, basi. "Gari ni mambo ya wanaume," alizoea kumwambia Mama, ambaye ndiye aliyetengeneza redio, kandili na ile pampu ya kunyunyizia viazi dawa.

Halafu ikaja siku ya vifaranga. Mama alikuwa amejaribu kufuga mara moja, na wale wa kwanza walikufa kwa baridi kwenye mlima huo huo, katoni nzima. Nilimwona akilia nyuma ya jikoni, na sikuwa nimewahi kumwona Mama akilia. Baba akaapa wa pili watafika hai. "Hita itawatunza," alisema tukitoka Nakuru, katoni ikiwa magotini mwetu, imefungwa kwa blada, vile vipande vya tyubu ya baiskeli vinavyoshikilia nusu ya nchi hii.

Tulipoanza kupanda, hewa ikahamia kiooni kama kawaida yake. Vifaranga wakapiga kelele, kisha mmoja mmoja wakaanza kunyamaza.

"Baba Ezra," Mama akasema polepole, "wananyamaza."

Baba akasimamisha gari. Tukawagawana. Ezra aliwajaza kwenye kofia akaikumbatia, mimi na Mama tukawatia ndani ya sweta, na waliobaki, kundi kubwa, wakaingia kwenye koti la Baba, akajifunga mshipi juu yake. Walitukwaruza, walitunyea, na tuliendelea na safari tukiwa tumenyooka kama watu wa picha ya harusi.

Kabla ya Elburgon, polisi wakatusimamisha.

"Mzee, leseni."

"Iko mfuko wa ndani, afande," Baba akasema, mikono juu ya usukani. "Lakini huko ndani kuna watu."

"Na hiyo koti inalia nini?"

"Ni kifua tu, afande."

Hapo kifaranga mmoja akachomoza kichwa chini ya kidevu cha Baba. Afande alicheka mpaka akashikilia mlango. Injini ilikuwa bado inanguruma taratibu, na katikati ya kicheko hicho Mama akainamisha sikio.

"Kuna kitu kinavuta hewa. Fungua boneti."

"Mama Ezra, gari ni mambo ya—"

"Mzee," afande akasema, "fungua tu."

Mama alipitisha kidole kwenye mpira mmoja mwembamba, akafika penye ufa, na ile sauti ya sss ikakatika. Akauzungushia blada ya katoni, akaikaza kwa meno. Baadaye nilielewa: mpira ule ulipeleka mvuto wa injini kwenye vilango vya ndani ya dashibodi vinavyoelekeza hewa. Mlimani mvuto hupungua, na ule kidogo uliobaki ulipotelea kwenye ufa. Vilango vikaachilia, hewa ikakimbilia kiooni.

Tulipanda sehemu iliyobaki hewa moto ikiwa magotini. Kisha koti la Baba likaanza kuimba tena, na Mama akafunika uso kwa leso. Walikufa wawili tu.

"Msiseme kwa kanisa ni mama yenu alitengeneza," Baba alituonya. Hatukusema. Jumapili, Mama alisimama mwenyewe wakati wa ushuhuda.

Juzi nilimpeleka Mama kwa njia ile ile, kwa gari langu ambalo kila abiria huchagua joto lake kwa kidole. Wanangu wawili walikaa nyuma, kila mmoja kajibandika kwenye dirisha lake na visikizio masikioni, Mama katikati kama mzigo uliotumwa. Aliwasimulia habari za vifaranga. Walisema "eeh" mahali pasipofaa. Niliumia.

Tulipouanza mlima, nikazima hita kimya kimya.

"Mum, heater imedie?"

"Imeharibika."

Kabla hatujafika Elburgon, wote wawili walikuwa chini ya shuka la Mama, visikizio vimeanguka kitini.

"Shosh," yule mdogo akamwambia bibi yake, meno yakigongana, "mum husema unajuanga kutengeneza gari. Si uangalie hii?"

Mama akanitazama kwenye kioo, kisha akawavuta karibu zaidi.

"Hiyo," akasema, "hata mimi siwezi."