Mbwa wa Kuwinda Tombo

Chibalonza alipokimbia vita kwao Fizi, aliapa kutosogelea tena bunduki. Sasa anahudumia wazee ughaibuni, mtaa wa Quakers Hill. Jirani yake alipohamia nyumba ya wazee, alimwachia Tess, mbwa wa kuwinda, naye Tess akakonda uani, nyama hataki.

"Anataka shamba," alisema Brett, mtoto mkubwa wa jirani huyo. "Jumamosi naenda kuwinda tombo. Njoo naye, anakusikiliza wewe tu."

Alikwenda kwa ajili ya mbwa. Kwenye shamba la ngano iliyovunwa, Tess alinusa ndege, akaganda ghafla, mguu mmoja juu. Tombo wakaruka, Brett akafyatua, na Chibalonza akajikuta amelala chini, mikono kichwani.

Brett akaiweka bunduki mbali. "Turudi nyumbani, mama?"

Tess alikuja mbio na tombo mdomoni, mkia ukicheza, akamweka mkononi mwa Chibalonza. Tangu aachwe, mbwa huyo hakuwahi kuchangamka hivyo. Chibalonza akacheka.

"Hapana," alisema, akijipangusa magoti. "Ila ukitaka kupiga, uniambie kwanza."

Brett akawa anamwambia kila mara. Kufikia alasiri, Chibalonza alikuwa anaziba masikio tu, amesimama wima, akimwita Tess kwa jina.