Mstari Kutoka Kituoni Hadi Duka la Vitambaa

Watu walimwita Chiriku, na kosa lilikuwa la mdomo wake. Enzi alipokaa mapokezi ya maktaba, msomaji aliyeingia kurudisha kitabu kimoja alitoka akiwa ameshasimulia habari za ndoa yake, goti lake na paka wa jirani, na kila neno alilotoa amejibiwa kwa matatu. Wanaotaka utulivu walilalamika, wakalalamika tena, hadi mkutubi mkuu, mwanamume mpole aliyetembea kama anayeogopa kuiamsha sakafu, akaamua kumpandisha ghorofani.

"Huko juu utaongea na kompyuta," alimwambia. "Ikichoka, itajizima yenyewe."

Chumba cha juu kilikuwa na dirisha linalotazama paa la duka la mikate, feni iliyozunguka pale inapojisikia, na meza yenye mguu mfupi uliotegemezwa kwa kamusi kuukuu. Kazi aliyopewa ilikuwa kuingiza picha za zamani za mtaa kwenye kompyuta. Chiriku aliifanya wiki moja, akaona picha bila maneno ni kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Akashuka kwa mkutubi mkuu na wazo: watengeneze ramani ya mtaa ya kwenye mtandao. Kila mahali penye hadithi patachomekwa pini. Mtu akiigusa pini kwa kidole, kidirisha kinafunguka, anaiona picha ya mahali hapo na kuisikia sauti ya mwenyewe akisimulia.

"Unajua kutengeneza kitu hicho?"

"Sijui. Ila sijui leo tu."

Alijifunza kwa masomo ya bure ya mtandaoni, na zaidi alijifunza kwa kuharibu. Ramani ilimgeuka kuwa miraba ya kijivu, akaijenga upya. Vidirisha vilifunguka nje ya skrini ya simu, akavirudisha ndani. Na pini zake nzuri nyekundu, alizozichora mwenyewe badala ya zile za buluu zinazokuja na programu, zilimletea kesi yake ya kwanza.

Mwoka mikate wa jirani alipanda ngazi na aproni yake, unga hadi kwenye nyusi.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, kaka. Kulikoni?"

"Angalia." Akamtolea simu. "Nikiivuta ramani karibu, hadithi yangu iko dukani kwangu. Nikiisogeza mbali, inahamia kwa yule bwana wa ng'ambo! Babangu ndiye aliyejenga ile tanuri, halafu sifa aende kuzipokea yeye?"

Chiriku alicheka mpaka feni ikaona aibu ikaanza kuzunguka. Kisha akatafuta. Kumbe ramani ilikuwa ikiishika ile picha ya pini kwa pembe yake ya juu, wakati inayotakiwa kugusa ardhi ni ncha ya chini. Ukiwa karibu huoni tofauti, ukienda mbali upana wa kidole tu unakuwa upana wa barabara. Akaiandikia ramani mahali pa kuishika, na pini ikatulia. Mwoka mikate aliivuta, akaisogeza, akaivuta tena, akaridhika. Alishuka, akarudi na mkate wa moto.

Hadithi zikaja. Kinyozi alitoa ya kwake, muuguzi akatoa ya zahanati ya zamani. Siku ya kuizindua ramani ikapangwa. Waliobaki kutoa hadithi walikuwa wawili, nao ndio waliomzaa.

Baba yake alikuwa fundi bomba aliyestaafu. Mama yake alikuwa mshonaji, na hadi leo aliweza kukutazama mara moja akajua suruali yako imepunguzwa upande gani. Walipendana, hilo hakuna aliyelitilia shaka. Lakini kwa jambo moja walikuwa paka na panya: walikutana wapi mara ya kwanza? Baba alisema kituo cha basi. Mama alisema duka la vitambaa. Chiriku, mtoto wa pekee, alikuwa hakimu wa kesi hiyo tangu akiwa na meno ya utotoni, na hajawahi kuitolea hukumu.

Aliwafuata nyumbani Jumapili mchana na kompyuta yake ya kupakata, akaiweka kwenye meza ya sebuleni.

"Haya, wazazi wangu. Niwawekee pini wapi?"

"Kituoni," alisema baba. "Nilimsalimia, akaitikia. Dukani nilimkuta tena kwa bahati tu."

"Nani aliitikia?" Mama hakunyanyua hata uso kwenye ushonaji wake. "Mimi sikuona mtu kituoni. Nilitumwa uzi, nikaenda dukani, ndipo akaingia huyu baba yako, jasho linamtoka, akamwuliza mwenye duka kama ana kitambaa cha kufungia bomba. Pini iwe dukani. Ikiwa kituoni, sauti yangu msahau."

"Na ikiwa dukani, yangu msahau pia."

"Tena kwa heri."

Ramani ya Chiriku ilijua jambo moja tu: hadithi moja, pini moja. Alirudi ghorofani akaikalia kesi hiyo. Kama watu hawa hawakubaliani, ramani ndiyo itakayokubali. Akaandika upya sehemu ile ya programu ili hadithi iweze kuwa na pini mbili, kila mmoja na ya kwake, na kati ya pini hizo mstari. Ukiugusa mstari, sauti zote mbili zinasikika, moja ikiifuata nyingine. Mama akakubali, akarekodi ya dukani bila kupepesa macho.

Baba alipoonyeshwa pale sebuleni, alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Huu mstari umepita wapi?"

"Umeunganisha kituo na duka, baba."

"Umepita juu ya mapaa! Umekatiza jikoni kwa watu! Mimi nilikuwa paka?"

Kweli, mstari ulinyooka kama rula, kwa sababu kompyuta ikipewa nukta mbili haina adabu ya kuzunguka nyumba za wenyewe. Chiriku akafungua programu ya kuchorea njia.

"Nionyeshe kona kwa kona, nami nitakuwa nabonyeza."

Baba akasogeza kiti, kidole chake kinene cha ufundi kikashuka kwenye skrini. "Kutoka hapa unanyoosha. Hapa palikuwa na ukuta mrefu, lazima uuzunguke. Hapa mama yako alisimama akamsalimu mshona viatu. Halafu anapinda huku. Na hapa aliinama kufunga kamba ya kiatu, mimi nikajifanya nasoma tangazo la ukutani. Lilikuwa la dawa ya minyoo."

Chiriku aliacha kubonyeza.

"Baba. Si ulisema dukani ulimkuta kwa bahati tu?"

Mzee akautazama mlango wa jikoni, ambako vyombo vilikuwa vikigongana. "Punguza sauti."

"Ulimfuata!"

"Sikumfuata. Nilikuwa naelekea kulekule."

"Kulekule wapi?"

"Kulekule alikokuwa anaelekea."

Chiriku alijiziba mdomo kwa mto wa kochi. Alipopata pumzi akamwomba airekodi hivyo hivyo, na kamba ya kiatu na dawa ya minyoo. Mzee alikataa. Mwanamume mzima kumfuata binti wa watu kama mkia? Miaka yote hii ameificha aibu hiyo. Halafu akasita, kwa maana hadithi iliyofungiwa muda mrefu ikionja hewa hairudi ndani.

"Nitarekodi," alisema. "Ila mama yako asisikie."

"Baba, hii itasikika dunia nzima."

"Dunia nzima sawa. Yeye tu."

"Na siku ya uzinduzi itawekwa ukutani, kubwa, mbele ya watu."

Akafikiri. "Basi siku hiyo nitakuwa na homa."

Siku ilipofika homa haikuja, kwa sababu mama alishampigia pasi shati jeupe, na mbele ya shati lililopigwa pasi na mkewe, mzee yule hakuwa na ujanja. Ukumbi wa maktaba ulijaa. Mwoka mikate alikaa mstari wa mbele. Mgeni rasmi, mwanamke wa ofisi ya mtaa mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, akapewa heshima ya kuifungua ramani. Akabonyeza.

Mtaa ulitokea ukutani, mitaro na vichochoro vyote, lakini hauna pini hata moja. Watu wakasubiri. Mgeni rasmi akaisogeza ramani mbali, akaisogeza zaidi, mtaa ukawa nukta, nchi ikawa kiganja, na ndipo zikaonekana: pini zote nyekundu zimesongamana katikati ya bahari, mbali na nchi kavu yoyote.

"Samahani," mgeni rasmi aliuliza kwa upole, "mtaa umehamishwa?"

"Tumezama!" alipiga kelele kinyozi, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mkutubi mkuu alikuwa amefumba macho. Chiriku alihisi damu imempanda masikioni, kwa maana asubuhi ile ile aliifungua ramani kwenye kompyuta yake na kila pini ilikuwa mahali pake. Lakini mdomo haukumwangusha.

"Jamani, msitafute maboya," alisema akikaa mbele ya kompyuta. "Kila mahali duniani pana namba mbili. Moja inasema uko kaskazini au kusini kiasi gani, nyingine mashariki au magharibi. Jana niliunganisha hadithi zote kwenye faili moja na njia niliyomchorea baba yangu. Ile programu ya kuchorea huanza na ya mashariki. Ramani yangu husubiri ya kaskazini kwanza. Nimewaandikia anwani kinyumenyume, na barua zenu zimefika baharini."

"Na asubuhi ilikuwaje?" aliuliza mkutubi mkuu kwa sauti ya mgonjwa.

"Asubuhi kompyuta yangu ilinipa kiporo. Ilihifadhi ramani ya juzi, ikanipashia moto, mimi nikala nikidhani ni chakula kipya."

Alikuwa ameshapaona penye kosa katika maagizo ya programu. Akazibadilisha namba nafasi, akahifadhi, akaifungua ramani tena. Pini zikabaki baharini. Ukumbi ukaguna. Chiriku akajipiga kofi la paji la uso.

"Na hii nayo inakula kiporo!"

Akabonyeza vitufe vya kuilazimisha kompyuta imwage ya zamani na kupakua upya. Ukuta ukawa mweupe kitambo. Kisha pini zikadondoka kwenye mtaa, moja dukani kwa mikate, moja kwa kinyozi, moja zahanati, zote zimesimama wima, na watu wakapiga makofi kama waliookolewa kweli.

Mgeni rasmi alifungua kadhaa, kisha akaelekeza kidole. "Na huu mstari uliopindapinda? Mbona uko peke yake?"

"Ni wangu huo," alisema mama, akainuka kabla mtu hajamwita. Baba alimshika ukingo wa gauni, akauachia. Mama akaenda mbele, akatafuta mstari kwa kipanya, akaubonyeza.

Sauti ya baba ikajaa ukumbi. Kituo. Ukuta. Mshona viatu. *Akainama kufunga kamba ya kiatu, nami nikajifanya nasoma tangazo. Nilikuwa nimeshachelewa kazini, lakini miguu ilikataa kurudi.* Watu walikuwa wakicheka, halafu kicheko kikapungua. Mzee aliitazama mikono yake. Sauti ilipofika mwisho, mama aliisimamisha kabla ya kwake haijaanza, akageuka.

"Mzee."

"Naam."

"Kiatu nilichovaa siku ile kilikuwa cha kuchomeka mguu tu. Hakikuwa na kamba."

Baba akanyanyua kichwa taratibu. "Sasa uliinama kufanya nini?"

"Nilitaka kujua kama bado unakuja." Mama akaweka mkono kiunoni. "Unafikiri mtu aliyetumwa uzi hutembea polepole vile? Mwajiri wangu alinigombeza siku nzima."

"Na kituoni? Ulisema hukuona mtu!"

"Ungetaka nimwambie mtoto kwamba mama yake alikuwa akitazama wanaume vituoni?"

Hakuna aliyesikia hotuba ya mgeni rasmi baada ya hapo, na inasemekana hata yeye aliifupisha, akaja kukaa karibu na mama amsikilize vizuri. Mwoka mikate alifuta machozi akisema ni unga. Baba alicheka hadi akaomba maji, na Chiriku, aliyekuwa hakimu tangu utotoni, aliona kesi inajifuta mbele yake.

Wiki iliyofuata watu wengi walipanda ngazi za maktaba, na wengi hawakutaka pini. Walitaka mistari. Mistari ikawa mingi hata simu za bei nafuu zikawa zinakwama kuifungua ramani, ikabidi Chiriku aifiche yote, kila mmoja ujitokeze pale tu pini yake inapoguswa. Mama naye alidai kurekodi upya, na safari hii alianzia kituoni.

Kisha jioni moja, jua bado lipo, simu ya Chiriku ikaita. Ilikuwa baba, na nyuma yake kelele za barabara.

"Mwanangu, tuko njiani na mama yako, tunaupima mstari wako kwa miguu. Ule ukuta umebomolewa. Sasa mtu anakata moja kwa moja."

"Niunyooshe basi, baba?"

Ukasikika mvutano wa simu, na sauti ya mama ikaingia.

"Usithubutu. Wakati ule ulikuwepo, na tuliuzunguka. Acha uzunguke."

"Sawa, mama. Na nyinyi mmepita wapi leo?"

"Tumezunguka," alisema mama. "Baba yako yuko nyuma huko, anasoma matangazo."