Pampu Iliyoitwa Hortense

Gauthier Kalaba ana miaka thelathini na mmoja, anakaa Kenya, mtaa wa mjini kwetu, si ile nchi, na kazi yake ni kuchora kurasa za ekra, yaani skrini ya kompyuta. Usicheke. Mimi Émerance, ninayekaa kiti cha pili katika chumba cha kuongozea mitambo, kwenye kiwanda chetu cha shaba upande wa Kinsevere, nilicheka kwanza, kisha nikaacha. Matangi, mabomba na pampu zote Gauthier amezichora ndani ya kompyuta. Vipimo vinakuja vyenyewe kutoka huko nje, na sisi tunaviona vikipanda na kushuka bila kuinuka kitini. Kijani ni salama, nyekundu ni mbio.

Shida ni kwamba mbio hazikuwepo. Ekra ilipoandika "P-104, joto limezidi", sisi tuliendelea kula bukari, ugali wetu. P-104 ni nani? Hana mama, hana kabila. Gauthier alinuna siku tatu, kisha akafuta namba zote akaweka majina ya watu. Na kwa kuwa siku hizo alikuwa akikariri majina ya jamaa wa mchumba wake Abigaïl, watu wa Mitwaba walio wengi kama mchwa, alitumia hayo hayo. Basi siku ekra ilipoandika "Kiki amekwama", tuliinuka wote, mimi na tonge mkononi.

Pampu kubwa kuliko zote, ile iliyokuwa P-104, inayosukuma maji ya shaba ya kiwanda kizima, inayonguruma mchana kutwa na isiyosikia la mtu, aliiita Hortense. Hortense ndiye mama yake Abigaïl.

"Gauthier, we haina na haya?" nikamwuliza. "Jina ya mama bukwe, bantu habaitajake!"

"Minaandika tu, yaya Émerance. Kuandika haiko kutaja." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Kwao mkwe hataji jina la mama mkwe hata nyumba ikiungua. Anasema "mama", basi. Na mama huyu alikuwa bado hajakubali posa. Alisema binti yake hataolewa na mwanamume anayelipwa kutazama televisheni. Kwa hiyo siku kiwanda kilipofungulia jamaa zetu milango, Gauthier alimwalika aje aone kazi kwa macho yake. Jina la pampu akasahau kulibadilisha. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Gauthier alikuwa amenyoa.

Mama Hortense aliingia amejifunga liputa mpya ya kitenge, kofia ngumu ya wageni imekaa juu ya kitambaa cha kichwa. Akasimama mbele ya ekra kubwa, mikono kiunoni.

"Kumbe njo hii televizyo yenyewe."

Gauthier alifungua mdomo aeleze. Hapo hapo ukurasa mzima ukawa mwekundu: HORTENSE, JOTO LIMEZIDI. HORTENSE AZIMWE MARA MOJA.

Nilitamani ardhi inimeze, na wala si mimi niliyeandika.

Kurasa zile ni za kuonyesha tu, hazina kitufe cha kuzima. Anayezima ni Sylvain, aliye huko chini katikati ya pampu kumi na redio yake. Gauthier akanyakua redio ya mezani.

"Sylvain! Zima cent quatre!" Mia moja na nne, namba aliyoifuta mwenyewe.

"Cent quatre njo nani?"

"Ile kubwa!"

"Yote iko kubwa, chef."

"Zima... zima mama!"

"Mama ya nani?"

Jasho lilimtiririka. Kipimo kilisoma themanini na nane, kikafika tisini na moja. Ningetaja mimi, lakini nilikuwa chini ya meza, nacheka mpaka sauti imekatika, na aibu ya siku ile ninayo hadi leo. Tisini na sita. Mama Hortense akamnyang'anya redio.

"We Sylvain! Zima Hortense!"

"Ndiyo, mama!"

Wekundu ukafifia. Mama akarudisha redio mezani polepole.

"Hii Hortense inafanyaka kazi gani?"

Gauthier alikuwa akitazama viatu vyake. "Mama, yeye akisimama, kiwanda yote inasimama."

Mama akaisogelea ekra. Kisha akaelekeza kidole pembeni.

"Na kale ka pampu kadogo ka pembeni, kenye munaandika 'inavuja', kako na jina gani?"

"Hakana bado na jina, mama. Balikafunga jana tu."

"Kaandike Gauthier. Yangu usiifute. Na uambie baba yako akuje ku nyumba dimanche, nikitoka kanisa, tuzungumuze ile posa."

Gauthier akakaa, akaanza kuandika jina lake chini ya lile la mama mkwe, akikosea herufi, machozi yakidondoka juu ya vitufe. Siku hiyo Gauthier wote wawili walikuwa wanavuja.