Jicho la Leza Nililolikanyaga

Wapo mafundi wajinga, halafu nipo mimi wa Kayanga. Juzi mama mmoja wa Nyabiyonza aliniletea deki ya CD ya marehemu mumewe, aliyeimba kwaya kanisani. Kabla hajamaliza kunieleza shida, nilikuwa nimeshaifungua.

Nikaona maandishi kwenye jicho la leza, linalosoma CD, yamefifia.

"Feki hii!" nikawatangazia wateja kibandani. "Mafundi wa Omurushaka wanawabandikia takataka!"

Nikaling'oa, nikalikanyaga kwa kiatu. Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa. Nikaifungia deki jicho langu jipya, lenye maandishi yanayong'aa, nikaweka CD ya kwaya aliyokuja nayo mama. Ikazunguka weee, kimya.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "deki hii haijawahi kufunguliwa na fundi tangu mume wangu ainunue. Maandishi yamefifia kwa uzee. Mimi nilikuja kwa sababu mlango wa kuingizia CD umekwama. Kusoma ilikuwa inasoma."

Mteja mmoja akaniuliza, "Sasa fundi, feki ni ipi hapo?"

Mama alikuwa ameinama, ananigusa mguu niunyanyue, aokote vipande.