Salamu Zilizojaza Mnara

Sijui nimelieleza jambo hili mara ngapi. Ripita yetu, mashine ya mnarani inayopokea sauti za redio za mkononi na kuzirusha kisiwa kizima, ina nafasi mbili tu za mazungumzo. Makundi ni matatu: hoteli, maboti na zahanati. Hoteli niliwapa nafasi yao. Maboti na zahanati niliwachanganya kwenye moja, nikiamini wauguzi hawana maneno mengi. Hawasikiani, lakini mmoja akiongea, mwingine akibonyeza anapata mlio wa kukataliwa.

"Mbona sisi hatuwasikii?" manahodha waliniuliza kila mafunzo. Nilichoka mpaka basi.

Wauguzi walipolalamika kuwa redio inawakataa, wakubwa wangu walisema ni mwingiliano wa mawimbi. Nikapanda mnara juani, nikakagua antena na nyaya, nikashuka mikono mitupu. Mwingiliano ulikuwa salamu. Nahodha wa kijiji cha Kiegeani haanzi na shida yake. Ni shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, mgonjwa wenu anaendeleaje, alhamdulillah, ndipo aseme injini imezima. Kumkatisha ni kukosa adabu, na mimi mtu wa bara nilishahesabiwa sina.

Asubuhi moja nilishindwa kuvumilia. Manahodha wawili wazee walikuwa wanaulizana redioni hali za wajukuu, nikabonyeza kitufe na kuwapa somo upya. Redio ilinikata kila baada ya dakika moja, ndivyo nilivyoiweka mwenyewe, nami nikabonyeza tena. Niliwaambia wafikirie muuguzi wa zahanati ya Ndagoni yuko na mama anayejifungua, anasubiri wao wanyamaze. Nilikuwa na hasira na nilijiona nina haki kabisa.

Mchana muuguzi wa Ndagoni akaingia ofisini kwangu, gauni lina damu. Aliniamkia vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, nikamjibu. Kisha akaniambia kuwa mama aliyekuwa akimzalisha alitokwa damu asubuhi, simu haikushika mtandao, gari la wagonjwa hakulipata redioni. Wamemleta hospitalini kwa bodaboda, yeye nyuma amemshikilia. Sasa yuko wodini, anatafutiwa damu.

Akaiweka redio mezani. "Nimebonyeza mpaka dole likauma. Nani alikuwa anaongea muda wote ule?"

"Mimi," nikasema.

Nilifungua kompyuta mbele yake, nikayahamishia maboti kwenye nafasi ya hoteli. Ilinichukua dakika kumi, naye alisimama pale mpaka nikamaliza.