Saa Niliyoirekebisha

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa, na mwoga akikosea uongo humtoka kabla hajafikiri. Miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa kibarua wa mkataba kwenye hospitali moja ndogo pale Mtwara mjini. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua na kutunza orodha ya wachangiaji damu kwenye kompyuta. Akiba ya damu hatukuwa nayo ya maana. Mgonjwa akihitaji, nafungua programu, natafuta kundi lake, natoa jina na mtaa, dereva anakwenda kumchukua mtu. Daftari la zamani lilikaa stoo mpaka mchwa wakalimaliza.

Asubuhi hiyo niliingiza mchangiaji mpya, nikafunga programu, ndipo nikaiona saa iliyo pembeni mwa kioo cha kompyuta. Ilisema tisa na nusu. Nyumbani kwetu Mikindani baba aliitega saa ya ukutani kwa Kiswahili, mshale unakaa kwenye namba ile ile tunayoitaja, nami nilikua nikiamini saa za watu wengine wote zimetegwa vibaya. Ilikuwa saa tatu na nusu, basi nikaiandika tatu na nusu. Nikaenda kunywa chai na chapati, najiona mtaalamu.

Nikiwa bado natafuna, nikaitwa. Mwanamke mmoja alikuwa ameletwa kwa pikapu kutoka kijiji cha huko kando ya mto Ruvuma. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza njiani, na damu haikukatika. Kundi lake lilikuwa O hasi, ile adimu. Mumewe alipimwa, dada yake alipimwa, hawakufaa. Sista mkuu akaja mwenyewe ofisini akasema anataka jina, haraka.

Nikabonyeza. Kikatokea kisanduku cha kijivu chenye alama nyekundu na maneno ya Kiingereza, kwamba kumbukumbu haziwezi kufunguka. Nikabonyeza tena, kile kile. Nikazima mashine, nikawasha, kile kile.

"Umegusa chochote?" Sista akauliza.

"Sijagusa kitu, Sista."

Jamani, jibu lilitoka lenyewe. Wakati huo sikujua kwa nini saa izuie programu, lakini nilijua ni kitu pekee nilichokigusa. Na nilijua mkataba wangu unaisha mwezi ule.

Sista akampigia simu fundi aliyetuwekea programu, yuko Dar es Salaam. Fundi akaagiza tuchomoe waya, tuchomeke. Tukafanya. Akaagiza hili na lile, na kila mara kisanduku kilirudi. Mume wa yule mama alikuwa amesimama mlangoni pangu, kandambili mkononi, maana aliona ofisi yenye kompyuta si ya kuingia na viatu. Aliniuliza taratibu, kwa Kiswahili chenye Kimakonde ndani yake, mashine imesema nini. Nikamwambia inatafuta. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Mwisho fundi akasema tuifute programu, tuiweke upya kwa sidii, ile diski aliyotuachia. Orodha huenda ikabaki, huenda ikapotea. Sista alifunga macho kidogo, akafungua droo, akatoa sidii. Nesi akaja mbio kusema mgonjwa hajibu tena akiitwa.

Sista akaniamuru nifute. Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya, na nikaona kwamba nikibonyeza hapo majina yote yanaweza kwenda, na yule mwanamke naye.

"Sista, niligusa saa," nikasema. "Niliirudisha nyuma."

Aliinama, akaiandika saa upya kwa kidole kimoja, akabonyeza. Programu ikafunguka. Mashine ilikuwa imeona jina nililoliingiza asubuhi limeandikwa saa ambayo kwake bado haijafika, ikakataa. Tukapata jina la mwalimu mmoja wa mtaa wa Chuno, na dereva akaondoka mbio.

Nusu saa nzima ilikuwa imepita tangu nilipoulizwa. Nakumbuka kwa sababu sikuacha kuitazama ile saa.

Yule mama alipona. Lakini damu ilifika akiwa amezidiwa, na daktari alilazimika kumtoa kizazi. Mtoto yule wa kwanza akawa ndiye na wa mwisho. Mumewe alikuja ofisini, akavua kandambili tena, akanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumtafutia mkewe damu. Nikamwitikia, "Tumshukuru Mungu, kaka."

Kesho yake daktari alitaka maelezo ya maandishi kwa nini damu ilichelewa. Sista akaniambia niandike mwenyewe, akatoka akaniacha peke yangu. Nilikaa mbele ya karatasi ile mpaka adhuhuri. Mwisho nikaandika mstari mmoja: programu iligoma kufunguka.

Sista aliusoma, akatia sahihi. Mkataba wangu ukaongezwa.